Hesabu Kurasa Kabla Hujapanda Kifodi

Leo nakukaribisha kwangu Olasiti, Arusha, Jumapili usiku, saa tatu na nusu. Chakula kimeshaliwa, vyombo vimeshaoshwa, na mimi nimeshavua viatu. Binti yangu wa darasa la saba anakuja na simu ya mama yake mkononi, taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Baba, mwalimu ametuma mtihani kwenye grupu. Kesho twende nao umechapwa."

Kurasa kumi na mbili za hisabati. Ametuma saa ngapi? Saa kumi jioni. Na wewe unaniambia saa ngapi? Kimya.

Wanaoishi pembezoni mwa mji wanaijua safari inayofuata. Olasiti ya leo siyo ile ya miaka kumi iliyopita. Nyumba zinaota kama uyoga, na tangu kazi ya uwanja wa AFCON 2027 ianze kule Olmoti, kila mwenye kiwanja anajiona tajiri. Lakini steshenari haziongezeki kwa kasi ya nyumba, na zilizopo hufunga mapema. Nikampigia kijana wa bodaboda tukazunguka. Ya kwanza imefungwa. Ya pili taa inawaka, ila printa "haina wino". Ya tatu, kule barabara ya Dodoma, dada alikuwa ameshashusha mlango nusu. Nikamsihi kama mtu anayeomba maji ya kunywa, akanihurumia. Kurasa 12 kwa shilingi 200 ni 2,400. Bodaboda kwenda, kungoja na kurudi, 3,000. Nikafika nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikajiapiza kuwa mwisho wa mwezi nanunua printa.

Na kweli nilinunua. Tatizo ni kwamba nilinunua vibaya, na ndiyo maana leo nina la kuzungumza.

Nilishuka sokoni Kilombero, nikatembea, nikaingia duka la kwanza lenye kompyuta dirishani. Kijana akanipokea vizuri: "Karibu mzee wangu." Nikamwambia nataka printa ya bei nafuu, ya nyumbani tu. Hilo neno "bei nafuu" ndilo lililoniponza. Akanyoosha mkono juu ya kabati, akashusha boksi jepesi kama la biskuti. Inachapa, inatoa kopi, inaskani, na rangi ipo. Bei yake haikufika hata theluthi ya ile iliyokuwa pembeni yake. Jina la kampuni niachie mwenyewe, wala siyo peke yake yenye mtindo huo. Nikalipa, nikadai risiti ya EFD kama raia mwema, nikapanda kifodi, daladala letu la Arusha, na boksi mapajani, nikiwatazama abiria wenzangu kwa huruma kidogo.

Wiki ya kwanza nyumba nzima ilichapa. Mtoto alichapa simba wa katuni, mama yake akachapa nyimbo za kwaya, mimi nikachapa barua ambayo sikuwa na wa kumpelekea. Kabla hatujafika kurasa themanini, wino mweusi ukakata. Katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi hazijazwi sawasawa na zile zinazouzwa peke yake, lakini hilo nililijua baadaye. Nikarudi dukani kuuliza bei. Katriji mbili, nyeusi na ya rangi, zilikaribia nusu ya bei ya printa nzima.

Nikamuuliza yule kijana, sasa mwanangu, hii biashara gani? Akacheka. "Mzee, printa wanakupa. Wino ndio wanauza."

Kijana hajafika hata miaka thelathini, akanisomesha uchumi wa dunia nikiwa nimesimama mlangoni. Na alisema kweli. Mashine ndogo za katriji huuzwa kwa faida nyembamba mno, wakati mwingine bila faida, kwa sababu mwenye kiwanda anajua utarudi. Anailinda hiyo safari yako ya kurudi kwa nguvu zote. Septemba 2016 wenye printa za aina fulani za HP walikuta mashine zao ghafla zinakataa katriji za makampuni mengine. Sharti lilikuwa limekaa ndani ya programu ya mashine, linangoja tarehe yake ifike. Kelele zilikuwa kubwa hata kampuni ikatoa programu nyingine ya kuondoa zuio hilo kwa aliyetaka. Mwaka uliofuata, Mei 2017, Lexmark, mtengenezaji mwingine wa printa, ilishindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani na Impression Products, kampuni ndogo iliyokuwa ikiuza katriji zilizojazwa upya. Majaji walisema kampuni ikishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, hata kama iliuzwa nje ya Marekani. Hebu fikiria, majaji wakubwa wa nchi kubwa wamekaa kuzungumzia kikopo cha wino. Makampuni yangekuwa yanagombania senti tusingeyaona huko.

Sasa chukua kalamu, msikilizaji, tufanye hesabu ambayo mimi nilipaswa kuifanya kabla ya kupanda kifodi.

Kila katriji, chupa ya wino au tona ina idadi ya kurasa inayotangazwa na mtengenezaji. Ni kurasa za kipimo, zenye maandishi ya wastani na nafasi nyeupe nyingi, siyo mtihani uliosheheni michoro ya pembetatu. Kwa hiyo ukizipata zote, mshukuru Mungu. Katriji nyeusi ya HP 123 inatangazwa kuwa na kurasa 120 hivi. Canon PG-445, kurasa 180. Tona ya HP 85A, ile ya printa ndogo za leza, kurasa 1,600. Chupa moja nyeusi ya Epson 103, inayomiminwa kwenye printa za tangi, kurasa 4,500. Rudia kuziangalia hizo namba: 120 na 4,500, na vyote viwili vinaingia kwenye mfuko wa koti.

Bei nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu. Wewe weka za duka lako la wiki hii. Tuseme katriji ya kurasa 120 umeuziwa 45,000. Kila ukurasa unakula wino wa shilingi 375. Tuseme tona ya kurasa 1,600, siyo ya kampuni yenyewe bali zile zinazofanana nayo, umeipata kwa 40,000. Hapo ukurasa ni shilingi 25. Chupa ya wino wa tangi, tuseme 30,000. Ukurasa haufiki shilingi 7. Rimu ya karatasi yenye karatasi 500, tuseme 13,000, ni shilingi 26 kwa karatasi.

Umeliona jambo? Kwenye printa ya tangi, karatasi ni ghali kuliko wino. Kwenye printa yangu mimi, ile ya boksi la biskuti, wino na karatasi ni shilingi 401 kwa ukurasa mmoja. Dada wa steshenari ananitoza 200, na kwake kuna kodi ya chumba, kuna LUKU, kuna leseni, na bado anapata faida. Mimi nilikuwa nimefungua sebuleni kwangu steshenari ya bei mara mbili, mteja ni mimi na mwenye hasara ni mimi.

Hizo printa za tangi zina kisa chake, na ni kisa kinachonifurahisha kwa sababu walioanza ni mafundi wa mitaani, watu kama wa kwetu. Kule Indonesia, watu walichoka na bei ya katriji. Mafundi wakachukua chupa za wino, wakaziweka kando ya printa, wakatoboa, wakapitisha mirija myembamba hadi ndani kwenye kichwa cha kuchapia. Wakaipa jina la dripu ya hospitali, kwa sababu ndivyo ilivyoonekana: mgonjwa kalala, mirija inaingia ubavuni. Kampuni zingeweza kuendelea kupigana nao. Epson ikaamua kuuza yenyewe mashine yenye tangi, na pa kuanzia ilichagua hukohuko Indonesia, mwaka 2010. Mashine ikawa ghali zaidi, wino ukawa rahisi. Canon na HP wakafuata baadaye na za kwao. Kwa hiyo ukiona mtu wa Arusha anamimina wino kwa chupa nyumbani kwake, ujue ni ushindi wa mafundi wa Jakarta na miji mingine ya huko waliokataa kukamuliwa.

Nikisema hivyo utadhani nakwambia kimbia kanunue ya tangi. Subiri kwanza.

Tuseme printa ya tangi ni shilingi 550,000. Ukurasa wako nyumbani, wino na karatasi, ni kama shilingi 33. Kwa hiyo kila ukurasa unaochapa nyumbani badala ya steshenari unaokoa 167. Gawanya 550,000 kwa 167. Unapata kurasa karibu 3,300 kabla printa haijarudisha fedha yake. Mwalimu anayetunga mazoezi kila wiki, kurasa arobaini kila wiki, atazifikia mwaka wa pili. Mwenye kampuni ndogo ya kupeleka wageni mlimani, anayechapa ratiba na mikataba, hata mwaka hauishi. Lakini nyumba inayochapa kurasa 20 kwa mwezi? Kurasa 240 kwa mwaka. Miaka 13 na miezi kadhaa. Binti wa darasa la saba atakuwa ameshaolewa, printa bado inalipa deni.

Ndiyo maana nikasema hesabu kurasa. Mimi nilichelewa, lakini nilihesabu. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji, na kalamu ikining'inia kwa uzi. Kila ukurasa uliochapwa au kutolewa kopi, hapa au steshenari, uandikwe. Mwezi mzima. Mitihani ya mtoto 24. Mama, mahesabu ya kikoba na nyimbo, 11. Mimi, barua ya serikali ya mtaa na nakala ya kitambulisho, 2. Katuni 9. Jumla 46. Nikashangaa, maana kabla ya hapo ningeapa kwamba tunachapa "kama mia mbili hivi".

Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye mlango wa friji. Ukiwa na printa Olasiti, mtaa mzima utajua kabla ya Jumatano. "Jirani, nitolee kopi moja tu." Moja tu ndiyo hiyo inayokuwa cheti cha kuzaliwa, mbele na nyuma, nakala nne. Kisha ratiba ya mazishi, na hiyo huwezi kukataa, utakuwa mtu gani? Kisha jumuiya inataka masomo ya wiki. Nimewahi kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi na mzee wa heshima zake, ameshika fomu ya mkopo wa elimu ya juu ya mjukuu wake. Zile fomu za HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, zinajazwa mtandaoni, zinachapwa, zinasainiwa na kugongwa mihuri, kisha zinaskaniwa zirudi mtandaoni. Mzee kama yule unamwambia nini? Unasema shikamoo, unawasha mashine. Ukipiga bajeti ya printa, wapigie na majirani.

Sasa ile ya kwangu ilikufaje? Haikufa kwa kuchapa, ilikufa kwa kukaa. Baada ya kuona bei ya katriji nilikasirika, nikanunua moja kwa shingo upande, nikasema itumike kwa dharura tu. Likizo ya Juni ikaja, watoto wakaenda kwa bibi, mashine ikakaa juu ya kabati wiki nane. Siku ya dharura nilipoiwasha, ikatoa karatasi yenye mistari myeupe kama shamba lililolimwa. Nikasafisha kwa kile kitufe chake, mara tatu. Kila ukisafisha, mashine inanyonya wino na kuumwaga kwenye sponji lililo ndani. Katriji mpya, ambayo haikuwa imechapa kurasa ishirini, ikaisha kwa kuoga.

Ukijua wino unatokaje utaelewa kwa nini. Mwaka 1977 mtafiti wa Canon, Ichiro Endo, alikuwa maabara huko Japani. Chuma cha moto cha kuungia nyaya kikagusa sindano yenye wino, na wino ukaruka kwenye ncha. Joto limetengeneza povu, povu limesukuma tone. Printa za Canon na HP za wino zinafanya hivyo hadi leo, zenye vitundu vyembamba kuliko unywele. Epson hawatumii joto. Wao wana kipande kinachojikunja umeme ukipita, kinausukuma wino kama mtu anayeminya chupa. Njia mbili tofauti, lakini vitundu ni vilevile vidogo, na wino wa maji ukikaa bila kutembea unakauka mlangoni. Ongeza vumbi letu la kiangazi, lile jepesi la majivu ya Meru linalopita hata dirisha lililofungwa, na mashine isiyofunikwa kanga. Printa ya wino inataka kazi, angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki. Kama hutaweza kuipa kazi hiyo, hata ya tangi usiichukue. Kwenye printa nyingi za tangi kichwa cha kuchapia hakitoki kama katriji. Kikiziba ni fundi, na fundi ni fedha.

Tona ni habari nyingine. Tona ni unga mkavu, haukauki kwa sababu hauna cha kukauka. Uache miezi mitatu, ukirudi unachapa kama jana. Hilo, kwa nyumba yenye kurasa 46 kwa mwezi na likizo mbili kubwa, ndilo lililoamua shauri langu.

Basi nikaenda kwa fundi. Mji wetu huu ni mji wa ofisi. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna kampuni za utalii kila kona, tuna mashirika. Wakibadilisha vifaa, vya zamani huuzwa, na printa nzuri za leza huishia kwenye vibanda vya mafundi, zimepangwa sakafuni kama matofali. Fundi niliyemkuta alikuwa kijana, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka leza ndogo, nyeusi tu, ya nyumbani. Nionyeshe zilizo hai."

Akachomeka ya kwanza. Ikanguruma, taa ya kibanda ikafifia kidogo, karatasi ikatoka na maneno meusi mazuri. Nikaridhika, nikaingiza mkono mfukoni. Kijana, Mungu ambariki, akaniambia, "Sugua." Nikapitisha kidole gumba juu ya maandishi, kikatoka cheusi na herufi zimefutika. Leza hupaka unga kwenye karatasi kwanza, kisha kuna kiungo cha moto kinachouyeyusha ushike. Mafundi wanakiita fyuza. Kikichoka, maneno yanabaki juu ya karatasi kama unga juu ya ubao wa chapati. Ya kwanza ikawekwa kando.

Ya pili maneno yalishika, lakini kulikuwa na nukta nyeusi pembeni, inajirudia kwenda chini, kila baada ya sentimita saba na nusu hivi. Hiyo ni drami, ile silinda inayopaka unga, imekwaruzwa, inazunguka na kovu lake. "Hii usiogope," fundi akasema, "drami yake iko ndani ya katriji ya tona. Ukibadilisha tona umebadilisha na drami." Kumbe siyo mashine zote ziko hivyo. Nyingine, kama nyingi za Brother, drami inauzwa peke yake kando ya tona, na kabla hujalipia mashine ya namna hiyo uliza kwanza bei ya drami.

Ya tatu ilikuwa nyeupe, safi, nzuri kuliko zote, na bei ya kuchekesha. Nikaigeuza. Nyuma, kwenye kibandiko, imeandikwa volti 100. Hiyo ni ya Japani. Sisi umeme wetu ni 230. Ukiichomeka Olasiti bila kipunguza umeme itafuka moshi kabla haijaandika neno, na kipunguza umeme cha kuihimili leza siyo kitu cha shilingi elfu kumi. Msikilizaji, ukienda kununua printa iliyotumika, igeuze kwanza. Kabla ya kusifia rangi, soma volti.

Nikachukua ya pili, HP LaserJet P1102, mfano wa mwaka 2010, inayotumia ile tona ya 85A. Nilimwambia fundi atoe ukurasa wa taarifa za mashine, ule unaoonyesha imeshachapa kurasa ngapi, maana printa nayo ina kilomita zake kama gari. Ilikuwa imechapa kurasa elfu kumi na nane. Mtu mzima, lakini hajazeeka. Tulikubaliana shilingi 150,000 pamoja na tona. Rudi kwenye hesabu. Ukurasa wangu sasa ni tona 25 na karatasi 26, jumla 51. Naokoa 149 kwa kila ukurasa. Kurasa kama elfu moja na nimerudisha fedha yangu. Kwa kurasa 46 kwa mwezi, haifiki miaka miwili. Ile ya tangi kwa kurasa zilezile ingenichukua karibu sita.

Leza ina ubaya wake, sitakuficha. Fyuza inapopata moto mashine inavuta wati 300 na zaidi, wakati printa ya tangi kama Epson L3250 inachapa kwa wati 14 hivi, chini ya balbu ya zamani. Kwa hiyo kama nyumba yako inaendeshwa na sola, leza isahau, chukua ya tangi. Na usiichomeke leza kwenye UPS ya kompyuta, haiwezi mzigo huo. Yangu nimeichomeka ukutani kupitia friji gadi, kwa sababu umeme wa kwetu ukirudi hurudi kwa hasira. Rangi pia haina. Picha za pasipoti na kadi za harusi bado nampelekea dada wa steshenari, na kuskani natumia simu, inatosha.

Kwa watakaochukua ya tangi, nina mawili ya haraka. Usikubali mtu akujazie wino dukani "ili uijaribu" kisha uibebe kwenye bajaji. Ikishajazwa inatakiwa kukaa wima, na barabara zetu za ndani unazijua. Utafika na boksi linavuja rangi nne. Jaza nyumbani, na usishtuke chupa za kwanza zikichapa kurasa chache kuliko zilizoandikwa, wino mwingine unabaki kwenye mirija. La pili ni wifi. Watu wengi wanadhani printa ya wifi itawamalizia bando. Haigusi bando. Inatoa mawimbi yake yenyewe, simu inaungana nayo moja kwa moja, hata kama huna intaneti. Na nyumba nyingi za kwetu zina simu tano na kompyuta hakuna. Soma namba ya mfano vizuri: Epson L3210 haina wifi, L3250 inayo. Leza ya HP 107a haina, 107w inayo. Kwenye boksi zinafanana kama mapacha.

Na kama kurasa zako ni kumi au kumi na tano kwa mwezi, na steshenari iko hatua mia kutoka mlangoni, usinunue printa yoyote. Nasema kwa moyo mweupe. Nunua rimu moja uiweke, mpe dada wa steshenari namba yako ya simu, umwombe akuwekee kazi ukimtumia kwa WhatsApp kabla ya saa mbili usiku. Na mwalimu anayenisikia, nakuomba, mtihani wa Jumatatu utume Ijumaa.

Ile printa yangu ya kwanza bado iko juu ya kabati. Kichwa kimeziba, ila skana yake ni nzima kabisa. Anayeihitaji apige simu hapa studio, aje na boksi lake. Simuuzii, nampa.